Viwanda Vyetu Vyahitaji Ndiva

Muhula huu chama chetu cha midahalo kilijadili shauri lisemalo kwamba ni afadhali viwanda vidogo vikusanywe mahali pamoja kuliko kutawanyika ovyo vijijini. Ukumbi ulijaa, na maneno yalikuwa makali kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa wengi wetu tuna baba, mjomba au kaka apataye riziki yake katika mashine ya kukoboa mpunga, tanuri la matofali au karakana ya kuchomelea vyuma. Kura zilipohesabiwa, waliokataa walishinda. Mimi niliinua mkono mara tatu sikuitwa, na kengele ikalia kabla zamu yangu haijafika. Basi namshukuru mhariri kwa kunipa nafasi katika gazeti letu, niseme hapa yale niliyokosa kuyasema kule.

Sisemi ili kuwacheka walioshinda. Hoja yao ilikuwa nzito, nayo ni hii: kukusanya viwanda ni kukusanya uchafu. Tanuri moja likitoa moshi, upepo huuchukua. Matanuri 20 yakiwa pamoja, moshi hukaa juu ya vichwa vya watu. Fundi mmoja akimwaga oili chafu nyuma ya banda lake, ardhi huinywa; mafundi 30 wakiimwaga mahali pamoja, mfereji hubadilika rangi. Aliyesema hivyo alipigiwa makofi mengi, nami pia nilipiga, kwa maana alisema kweli. Lakini alisema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuileta leo.

Kwanza tujiulize: je, uchafu uliotawanyika umetoweka? Sisi wa Kileo tunakaa tambarare, milima ya Upare ikiwa juu yetu, na maji ya tambarare hii huelekea mto Ruvu na bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko wako wavuvi, na chini zaidi, katika mto Pangani, maji hayo hayo huzungusha mitambo ya umeme. Oili iliyonyweka nyuma ya banda moja haikufa. Imejificha tu, ikingoja mvua za masika. Uchafu wa mtu mmoja mmoja ni kama mchwa: hauonekani mpaka siku boriti inapoanguka.

Nitatoa mfano wa jambo nililoliona kwa macho yangu. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu kuchoma tanuri la matofali. Kwa siku mbili nzima tulikwenda porini kutafuta kuni, tukakata migunga iliyo mikubwa kuliko umri wangu, na tukalipa mkokoteni wa kuileta. Siku ya pili, tulipokuwa tunarudi na mzigo, tulipita nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Pale palikuwa na kilima cha pumba ngumu za nje, zile ambazo hata ng'ombe hazimfai, nazo zilikuwa zinaungua polepole bila kazi yo yote. Moshi wake ulikuwa umeingia katika nyumba za jirani, na bibi mmoja alikuwa ameketi mlangoni akikohoa. Nikamwuliza mjomba kwa nini sisi tunaua miti ili tupate moto, hali mwenzetu anatupa moto. Mjomba akacheka, akasema mwenye mashine angempa pumba zile bure, tena angemshukuru. Lakini ni nani atakayezibeba mpaka kwenye tanuri?

Jibu hilo lilinifikirisha kuliko somo lo lote la muhula ule. Gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa, karibu kilo 20 ni pumba hizo ngumu. Zinaungua vizuri, na katika sehemu nyingine za nchi yetu wapo wafyatuaji wa matofali wanaozitumia. Ila ni nyepesi na zina ujazo mkubwa. Mkokoteni hujaa kabla haujawa mzito. Kuzipeleka mbali ni kulipa nauli ya upepo. Basi kinachomfanya mjomba akate mgunga si ubaya wa moyo wake, wala si ujinga. Ni umbali tu. Kama tanuri lake lingekuwa hatua 200 kutoka kwenye mashine ile, mgunga ungebaki umesimama, bibi yule asingekohoa, na mjomba angebaki na fedha yake ya mkokoteni.

Hapo, wasomaji wenzangu, ndipo nilipoielewa faida ya viwanda kukaa pamoja. Taka nyingi zina thamani ndogo kwa uzito wake, kwa hiyo haziwezi kusafiri. Zikisafirishwa, hugeuka hasara. Zikiwa jirani, hugeuka mali. Wataalamu wetu siku hizi huita mkusanyiko wa namna hii kongano la viwanda. Tena husikika sana neno "viwanda vya kijani". Si viwanda vilivyopakwa rangi hiyo ukutani, bali viwanda ambavyo kwa kila bidhaa wanayoitengeneza hutumia kuni, maji na umeme kwa kiasi kidogo zaidi, na hutupa uchafu mchache zaidi.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Katika mji wa Kalundborg huko Denmark viwanda vikubwa vilianza kupeana taka tangu miaka ya 1960 na 1970. Kituo cha umeme kiliuza mvuke wake kwa kiwanda cha kusafisha mafuta na kwa kiwanda cha madawa, badala ya kupoteza joto lote baharini. Gesi iliyokuwa ikiungua bure katika kiwanda cha mafuta ilipelekwa kwa bomba kwa jirani atengenezaye mbao za jasi. Baadaye hata jasi yenyewe ilitoka katika kituo cha umeme, kwa kuwa chombo cha kusafisha moshi wake kilizaa jasi, kitu kile kile ambacho watu wa Makanya katika wilaya ya Same huchimba ardhini. Wala serikali haikuwaamuru. Kila mapatano yalifanywa na majirani wawili walioona kwamba wote wawili watapata faida. Lakini walikuwa majirani. Bomba la mvuke haliwezi kwenda nchi nzima.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya tu. Jirani zetu wa Arusha Chini, katika kiwanda cha sukari cha TPC, hawatupi makapi ya miwa. Huyachoma katika matangi ya mvuke, na mvuke huo huzungusha mitambo ya umeme wa kiwanda chenyewe, hata ziada ikauzwa TANESCO. Sukari ikitolewa hubaki molasi, uji mweusi mtamu. Na katika wilaya yetu hii ya Mwanga kulijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Biochem kinachogeuza molasi kuwa spiriti. Mwenye kiwanda cha spiriti hujenga karibu na mwenye sukari kwa sababu ile ile iliyomshinda mjomba wangu: molasi ni nzito, nata, na ghali kusafirisha.

Hata hivyo mfano huu una fundisho la pili, ambalo lazima nilitaje ili nisiwe kama mwuza ng'ombe anayeficha mguu mbovu. Kutengeneza spiriti kwa molasi, po pote duniani, huacha maji machafu meusi, mara nyingi lita 8 hadi 15 kwa kila lita moja ya spiriti. Maji hayo yakiachwa yaende mtoni huimaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Yakifungiwa katika tangi lisiloingia hewa, hutoa gesi inayoweza kuwasha moto wa kiwanda. Na yakichanganywa na makapi hufanya mbolea. Kwa hiyo taka ya kwanza ikipata jirani wa kuila, huyo jirani naye ana taka yake, na yeye anahitaji jirani. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, uchafu wote humwagika hapo.

Watu wa mkonge wanalijua jambo hilo. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na mashamba yake yalienea kutoka Tanga mpaka tambarare za Upare. Wazee waliofanya kazi katika korona wanakumbuka harufu ya mifereji yake. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge yaliyopita katika mashine, singa hazifiki hata kilo 5. Mengine yote ni maji na makapi. Kwa zaidi ya miaka mia moja makapi hayo yalitupwa. Ndipo kampuni ya Katani, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilipojenga mtambo huko Hale uliochachisha makapi hayo na kutoa gesi ya kuendeshea jenereta. Ilionyesha kwamba kile tulichokiita takataka kilikuwa kuni zilizovaa nguo chafu.

Sasa nirudi kwenye hoja ya walioshinda mdahalo, kwamba kukusanya viwanda ni kukusanya uchafu. Napenda niwape mfano unaowasaidia wao, kwa sababu ni wa kweli. Katika mji wa Tirupur, kusini mwa India, maelfu ya watu hushona fulana zinazovaliwa dunia nzima, pengine hata ile uliyovaa wewe msomaji. Wapaka rangi wa nguo walikusanyika hapo kwa mamia, kila mmoja na pipa lake la rangi na chumvi, wote wakimwaga katika mto mmoja uitwao Noyyal. Chini ya mto huo serikali ilijenga bwawa ili wakulima wamwagilie mashamba. Lakini bwawa likajaa maji ya chumvi na rangi, hata wakulima wenyewe wakayakataa. Wakaenda mahakamani. Mwezi Januari mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vyote vya rangi mjini humo vifungwe mpaka vitakapoacha kumwaga hata tone moja. Maelfu ya watu walikosa kazi.

Nadhani mpinzani wangu akisoma hapa atasema, "Unaona!" Lakini asubiri kidogo. Viwanda hivyo vilifunguliwaje tena? Havikutawanywa mashambani. Vingi vilikuwa katika makundi, kila kundi likiwa na mtambo mmoja wa kusafisha maji, ambao huyarudisha maji hayo hayo viwandani yatumike tena, na hata chumvi huokolewa. Mpaka rangi mdogo peke yake hana uwezo wa kununua mtambo kama huo, hata angeuza nyumba yake. Wengi pamoja wanaweza, ijapokuwa ghali. Basi kukaa pamoja kuliwaletea maafa walipokaa bila sheria, na kukaa pamoja kukawaokoa walipopata sheria. Kosa lao lilikuwa kuanza na viwanda, kisha sheria, kisha mtambo. Wahabeshi walijaribu kugeuza mpango huo: bustani ya viwanda ya Hawassa ilipofunguliwa mwaka 2016, mtambo wa pamoja wa kusafisha na kurudisha maji ulijengwa tangu mwanzo, kwa maana viko karibu na ziwa ambalo watu hulipenda na hulila.

Nikitafuta neno moja la kueleza tofauti kati ya kukaa pamoja kwa hasara na kukaa pamoja kwa faida, silipati katika vitabu vya jiografia. Nalipata milimani kwetu. Neno hilo ni ndiva.

Kwa wale wasomaji waliotoka mikoa ya mbali, ndiva ni bwawa dogo ambalo Wapare tangu zamani hulijenga mlimani kukinga maji ya kijito. Usiku ndiva hujaa. Mchana hufunguliwa, na maji hushuka kwa mifereji mpaka mashambani kwa zamu. Kijito chenyewe ni chembamba. Kila mtu akichota kwa wakati wake, maji hupotea njiani na hakuna shamba litakaloshiba. Yakikusanywa usiku kucha na kutolewa kwa nguvu, hufika mbali. Tena hakuna mkulima awezaye kujenga ndiva peke yake. Watu huitwa msaragambo. Huyu huja na jembe, yule na karai, matope huondolewa, kingo huzibwa. Asiyefika kwenye msaragambo hutozwa faini au hunyimwa zamu. Yuko mtu anayejulikana ambaye hugawa maji, na ugomvi ukitokea iko baraza ya kuuamua.

Angalieni sehemu za ndiva: mahali palipochaguliwa kwa akili, kazi ya wote, zamu, mlinzi, faini, na baraza. Ukiondoa moja, ndiva hugeuka dimbwi la mbu. Basi kongano la viwanda bila sehemu hizo ni dimbwi, nalo ndilo waliloliogopa wenzangu katika mdahalo. Lakini kongano lenye sehemu hizo ni ndiva. Kwa hiyo swali letu halikuwa zuri tangu mwanzo. Tuliuliza kama viwanda vikusanyike au vitawanyike, nasi tulipaswa kuuliza ni nani atakayeshika mlango wa ndiva.

Tena, watu wa milima hii hawakuanza jana kukusanyika kwa ajili ya ufundi. Huko Ugweno, katika Upare Kaskazini, Washana walikuwa wahunzi mashuhuri. Walikusanya mchanga wa chuma uliooshwa na vijito, wakauyeyusha katika matanuri kwa mivukuto na mkaa, na chuma chao kilinunuliwa hata na Wachaga. Ufundi ulikaa mahali pamoja, baba akimfundisha mwana, na jirani akijifunza kwa jirani. Hiyo ni faida nyingine ya kukaa pamoja ambayo mdahalo wetu uliisahau: mtu akigundua njia ya kutumia kuni kidogo, mwenzake wa banda la pili huiona kesho yake. Mafundi waliotawanyika hugundua kitu kimoja mara kumi, au hawakigundui kabisa. Lakini tusisahau kwamba mkaa hautoki hewani. Tanuri la chuma hula miti kwanza, na ndipo huzaa jembe. Hesabu hiyo nayo lazima ifanywe na kila kizazi, nasi ni zamu yetu.

Sasa niseme juu ya shida zilizopo, maana hoja isiyotaja shida zake hufanana na mwanafunzi anayeonyesha wazazi alama za somo moja tu.

Shida ya kwanza ni maskini. Ukimwambia fundi wa baiskeli aondoke chini ya mwembe wake alipozoeleka, aende kiwanja cha viwanda kilicho nje ya kijiji, umemwondoa pia kwa wateja wake. Na mama aletaye debe la mahindi kusaga hawezi kutembea saa mbili kwa sababu sisi tunapenda usafi. Kwa hiyo mimi sisemi kila kitu kihamishwe. Fundi cherehani, msuka mikeka, mwenye mashine ndogo ya kusaga, na wabaki karibu na watu. Wahamishwe wale ambao taka zao zinawadhuru wasiokuwa wateja wao: matanuri ya matofali, mashine kubwa za kukoboa, mafundi wa magari na pikipiki wenye oili chafu, na wapaka rangi. Na wakihamishwa, wapewe kitu kinachowavuta, yaani umeme, maji, barabara na kodi nafuu ya kiwanja. Mtu hahami kwa sababu ya hotuba.

Shida ya pili ni kutegemeana. Mjomba wangu akizoea pumba, kisha mwenye mashine akapata mnunuzi mwingine, tanuri litalala njaa. Dawa yake ni mapatano ya maandishi, na wanunuzi na wauzaji kuwa zaidi ya mmoja. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka wengi wakae pamoja, si wawili tu.

Shida ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni mlinzi. Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na ililipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, nguvu ya kukagua viwanda. Lakini fikirini kazi ya mkaguzi mmoja anayetakiwa kutembelea mashine moja Kileo, nyingine Lembeni, nyingine mlimani Usangi, kila moja kwa njia yake. Atafika lini? Viwanda vikiwa mahali pamoja, mkaguzi huvikagua vyote asubuhi moja. Na hata asipofika, jirani anakagua. Mtu anayelipa ada ya shimo la taka kila mwezi hatanyamaza akimwona mwenzake akimwaga mfereji usiku. Faini ya jirani ni kali kuliko ya serikali, kwa kuwa jirani halali.

Ushauri wangu, basi, ni huu, na ni mdogo kwa makusudi, kwa sababu mambo makubwa huandikwa na wakubwa. Halmashauri ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji, itenge kiwanja kimoja kilicho mbali na mfereji, upande ambao upepo hauletei nyumba moshi. Kabla kibanda cha kwanza hakijajengwa, vichimbwe na kujengwa vitu vitatu: ghala la pumba lililoezekwa, mapipa ya oili chafu yanayokaa juu ya sakafu ya saruji, na shimo la kuchujia maji ya kuoshea. Wenye mashine za kukoboa wapangwe kandokando na wenye matanuri. Iwepo kamati yenye daftari, ada, na faini. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liombwe kutoa mafunzo, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake, na lina mitaa ya viwanda katika mikoa mingi ambayo tunaweza kwenda kuitazama na kujifunza mema na mabaya yake.

Na sisi wanafunzi je? Tusiwe watu wa kupiga kura na kwenda kula. Tunayo mizani katika maabara, na tuna daftari. Muhula ujao, katika msimu wa mavuno, tuombe ruhusa ya mwalimu wa jiografia, tupime pumba zinazotoka katika kila mashine kwa wiki moja, na tuhesabu mikokoteni ya kuni inayoingia katika kila tanuri. Tukiwa na hesabu hizo mbili katika karatasi moja, tutaweza kuwaonyesha wazee wetu, kwa adabu, kwamba moto unaotupwa huku unatafutwa kule. Mzee anaweza kumpinga kijana anayepiga kelele, lakini ni vigumu kuipinga mizani.

Wako watakaosema kwamba Kileo ni kijiji tu, na mambo ya viwanda safi ni ya Dar es Salaam au ya nchi kubwa. Mimi naona kinyume. Dar es Salaam na Tirupur kazi yao ni kubomoa na kurekebisha. Ukuta umekwisha kuinama. Sisi bado tuna kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu ni utajiri ambao hauji mara mbili. Samaki hukunjwa angali mbichi. Umeme umefika, watu wanaongezeka, pikipiki zinaongezeka, nyumba za matofali zinajengwa kila mwaka. Viwanda vitakuja, tukipenda tusipende. Kitakachobaki katika hiari yetu ni kama vitakuja kila kimoja na moshi wake, au vitakuja kwa zamu kama maji ya ndiva.

Nilipomwambia mjomba kwamba nitaandika maneno haya, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba yeye yuko tayari kuhamisha tanuri lake, mradi asiwe wa kwanza na asiwe peke yake. Nadhani mafundi wengi wangesema hivyo hivyo. Na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa moyo mwema wa mtu mmoja mmoja. Hata ndiva haikujengwa na mtu wa kwanza. Ilijengwa siku ile watu walipoitwa wote, na wote wakaja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne